Waya mbili zenye zinasema maji iko ngapi: namna kapteri ya 4 mupaka 20 inafanya kazi



Kwa koperative yenye iko na foraji, mara nyingi pompi njo kitu cha bei kali kuliko vingine vyote. Pompi yenye inazama ndani ya foraji inapozwa na maji yenye inaizunguka. Kama maji inashuka chini yake na pompi inaendelea kuzunguka, inapata moto na inaungua. Kiisha komite inatosha franga yote katika kese, mutu anapanda barabara ya kwenda Kolwezi kutafuta ingine, na wakati ule lengalenga na tomati za kiangazi zinakauka juu ya milongo.

Juu ya ile, foraji za siku hizi zinakuja na kapteri, ni kusema kyombo kidogo chenye kinapima maji na kutuma habari mupaka ku sanduku la kontroli. Juu ya sanduku munaona namba. Wanamemba wengi wanaulizaka: ile namba inatoka wapi? Juu ya nini fundi anasema "ine mupaka makumi mbili"? Juu ya nini wakati waya inakatika namba haionyeshe "maji imeisha", lakini inaonyesha kitu kingine? Maulizo haya ni ya muzuri sana, na haiko ya mafundi peke yao. Mutu mwenye kusoma namba bila kujua njia yake, siku moja namba itamudanganya.

Ilitoka ku viwanda

Namna hii ya kutuma habari haikutengenezwa kwa ajili ya mashamba. Ilitoka ku viwanda, na hapa Lualaba tuko karibu navyo. Muwaze kiwanda cha Shituru kule Likasi, chenye kilianza mu 1929, ao kile cha Luilu karibu na Kolwezi, chenye kilianza mu 1960. Ku viwanda vya namna ile, shaba inayeyushwa katika asidi ndani ya matanki makubwa, kiisha umeme unaikamata na kuifanya kuwa bamba safi. Hakuna mutu mwenye anaweza kutumbukiza fimbo katika asidi ya moto kila dakika ili apime ni metri ngapi. Inaomba kyombo kipime pale pale, na habari ifike ku chumba chenye wafundi wanakaa, mara ingine mbali metri mia nyingi.

Mbele, habari ile ilikuwa inatumwa na hewa. Kamupira kembamba ka shaba kalikuwa kanabeba hewa yenye kukandamizwa: nguvu ya 0,2 bar ilimaanisha tanki haina kitu, 1 bar ilimaanisha imejaa. Muangalie vizuri: hata tanki ikiwa wazi, hewa haikushuka mupaka 0. Tutarudilia jambo lile, juu ni lenyewe njo siri ya kazi yote.

Kiisha umeme ukachukua nafasi ya hewa. Kuanzia miaka ya 1970, viwanda vya inchi nyingi vilipatana juu ya lugha moja: miliamperi 4 ni chini kabisa, miliamperi 20 ni juu kabisa. Ukigawanya 1 na 0,2 unapata 5. Ukigawanya 20 na 4 unapata 5 vilevile. Walichunga kipimo kile cha zamani, wakabadilisha tu hewa na umeme. Mupaka leo, kyombo chenye kimetengenezwa Ujerumani kinasikilizana na sanduku lenye kutoka Uchina, juu yote mbili inasema lugha ile moja.

Juu ya nini mukondo, na haiko nguvu ya volti?

Wengi wetu tunajua volti: batri ya moto ni volti 12. Mutu anaweza kuwaza: kapteri itume volti, kwa mufano volti 1 kwa maji kidogo na volti 5 kwa maji mengi. Inaweza kufanya kazi, lakini paka karibu. Waya yote inakula volti kidogo njiani. Waya ikiwa ndefu, ao kiungo kikiwa na kutu, volti yenye inafika haiko tena ile yenye ilitumwa. Ilitoka 5, inafika 4 na nusu, na sanduku linawaza maji imepunguka.

Mukondo hauko vile. Muangalie cheni ya kinga. Wakati unakanyaga, kila jicho la cheni linatembea mwendo moja na jicho lingine. Kama macho 20 yanapita ku pedali katika dakika, macho 20 yanapita pia ku gurudumu la nyuma. Cheni ikiwa ndefu, cheni ikiwa na kutu, utakanyaga kwa nguvu zaidi, lakini macho hayawezi kupotea njiani.

Katika waya mbili zenye zinafanya muzunguko moja, mukondo uko kama cheni ile. Unatoka ku batri, unapita katika kapteri, unapita katika sanduku la kontroli, unarudi ku batri. Kama hakuna njia ingine, mukondo wenye unapita ku kapteri ni uleule wenye unapita ku sanduku. Batri njo miguu yenye inakanyaga. Kapteri njo breki: inafunga ao inafungua kidogo mupaka mukondo ukuwe sawasawa na maji yenye imepima. Waya ikila volti kidogo, kapteri inafungua zaidi, na namba inabakia ya kweli.

Tuhesabu kidogo. Waya ya shaba ya milimetri karé 1,5 iko na rezistansi ya omi 12 hivi kwa kilometri moja. Foraji ikiwa metri 500 kutoka ku depo, kwenda na kurudi ni kilometri moja: omi 12. Mukondo ukiwa mukubwa kabisa, miliamperi 20, waya inakula volti 0,24 tu. Ni kitu kidogo sana.

Juu ya nini 4, na haiko 0?

Hapa njo tunarudilia ile hewa yenye haikushuka mupaka 0. Tuseme tungeanzia 0: maji ikiisha, kapteri inatuma 0. Sasa panya anakula waya, ao mutu anaikata na jembe: mukondo ni 0 pia. Sanduku litajuaje kama maji imeisha ao waya imekatika? Haliwezi kujua.

Kwa kuanzia 4, "hakuna maji" inakuwa habari yenye inasemwa na kyombo kizima. Miliamperi 4 ni kusema: "Niko hapa, niko muzima, nimepima, na maji haiko." Lakini 0 ni kusema: kyombo hakisemi tena. Mutu mwenye kunyamaza na mutu mwenye kujibu "hapana" hawako kitu kimoja.

Ile miliamperi 4 inafanya kazi ya pili pia: inalisha kapteri yenyewe. Chakula chake na habari yake vinapita katika waya zilezile mbili. Hakuna lazima ya kupeleka waya ingine ya umeme mupaka ku foraji.

Kapteri nyingi za leo zinaongeza hata alama ya ugonjwa. Kipimo cha kawaida kinatembea kati ya 3,8 na 20,5. Kapteri yenyewe ikijiona kama imeharibika, inashusha mukondo mupaka 3,6 ao chini yake, ao inaupandisha mupaka 21 ao zaidi. Kwa hiyo, mukiona 3,5 ao 21,5, musiseme "maji imeisha" ao "maji imejaa". Museme: kyombo kinagonjwa, tuite fundi, na mbele afike tuzime pompi.

Namna ya kusoma namba

Kati ya 4 na 20 muko hatua 16. Hesabu ni hii: mutoshe 4 ku namba yenye munaona, mugawanye na 16, kiisha muzidishe na kipimo kizima cha kapteri.

Tuchukue mufano wa siterni ya litri 5.000, yenye kusimama metri 2, kuta zake zikiwa sawa toka chini mupaka juu, na kapteri yenye inapima toka 0 mupaka metri 2:

miliamperi 4: siterni haina kitu
miliamperi 8: santimetri 50, litri 1.250
miliamperi 12: metri 1, litri 2.500
miliamperi 16: metri 1 na santimetri 50, litri 3.750
miliamperi 20: metri 2, litri 5.000

Muandike ile juu ya karatasi na kuibandika ku mulango wa sanduku. Muangalie: nusu ya siterni haiko 10, ni 12. Watu wengi wanaanguka pale.

Kwa foraji, mufano mwingine. Kapteri imening'inizwa metri moja juu ya pompi, na inapima toka 0 mupaka metri 20 za maji. Kila miliamperi moja ni metri 1 na santimetri 25. Asubuyi, mbele ya kuwasha pompi, munasoma 12: kuko metri 10 za maji juu ya kapteri. Pompi inatembea saa mbili, munasoma 9: imebakia metri 6 na santimetri 25. Ikifika 6, ni metri 2 na nusu tu: muzime.

Kiisha muangalie saa. Maji inachukua muda gani ili irudie ku 12? Ile njo namba yenye mimi kama agronomu ninaitafuta kuliko zote. Foraji yenye inarudia kwa saa moja iko na nguvu. Foraji yenye inaomba usiku muzima haiwezi kunyesha milongo mingi, hata pompi ikuwe kubwa namna gani. Mukiandika namba ile kila juma, mutaona toka mwezi wa tano mupaka mwezi wa kenda vile maji ya chini inapunguka kidogo kidogo. Ni hapo komite inaweza kuamua mbele ya kupanda: mwaka huu tufungue milongo 40 ao 25? Kupunguza milongo mbele ya kupanda haiko hasara. Kuipoteza wakati tomati zimeanza kutoa maua, ile njo hasara.

Namna hii inafanya kazi pia mu depo ya mahindi. Kapteri ya joto yenye inapima toka digri 0 mupaka 100, ikionyesha 9,6, ni digri 35. Rundo la mahindi yenye haikukauka vizuri linapata moto ndani kabla harufu haijatoka inje.

Batri

Kapteri nyingi za waya mbili zinaomba volti 10 ao 12 ili zikuwe zima. Rezistansi ya kusomea katika sanduku, mara nyingi omi 250, inakula volti 5 wakati mukondo uko 20. Tuongeze waya: volti 0,24. Yote pamoja ni volti 17 na kitu. Batri moja ya volti 12 haitoshe. Batri mbili za volti 12 zenye zimefungwa moja nyuma ya ingine zinatoa 24, na hata zikichoka kidogo mupaka 22 bado ni sawa.

Mukondo wenyewe ni mudogo: volti 24 mara miliamperi 20 ni karibu nusu ya wati. Hata kusharije telefone kunaomba zaidi. Haitamaliza batri zenu.

Lakini mukumbuke alama hii: kama namba inapanda vizuri, kiisha inakwama, tuseme ku 15, hata siterni imejaa mupaka maji inamwangika, mara nyingi ni batri zimechoka ao kiungo kimoja kimepata kutu. Miguu haina tena nguvu ya kukanyaga cheni.

Ugonjwa wenye hatari kuliko yote: kiungo chenye maji

Waya yenye kukatika inaonekana mara moja: namba ni 0. Wakiunga waya kinyume, kapteri nyingi hazifanyi kazi, mukondo unabakia 0, lakini haziharibike. Ile haiko hatari kubwa.

Hatari iko hapa. Fundi ameunga kebo njiani na ameifunga na skoci tu. Mvua inakuja, udongo unalowana, maji inaingia katika kiungo. Sasa mukondo unapata njia ya mukato: kipande kinapita toka waya moja mupaka ingine pale pale katika maji, bila kufika ku kapteri. Ku sanduku, ile mukondo wa mukato unajiongeza juu ya mukondo wa kapteri.

Muone matokeo. Katika foraji imebakia metri 1 na santimetri 25 tu: kapteri inatuma 5. Kiungo kinaongeza 3. Sanduku linaonyesha 8, ni kusema metri 5. Mwenye kuchunga pompi anasoma 8, anaenda kwake kula bukari bila wasiwasi. Kumbe pompi iko karibu kunyonya hewa.

Kwa hiyo mushike neno hili: maji katika kiungo haipunguze namba, inaipandisha. Inaonyesha maji yenye haiko. Muchukue kebo moja nzima toka ku foraji mupaka ku sanduku. Kama kiungo ni lazima, kikuwe ndani ya kasha yenye haipitishe maji, juu ya nguzo, haiko chini ya udongo.

Namna ya kupima wenyewe

Haiombe mashini kubwa. Multimetri ya kawaida, yenye fundi wa radio iko nayo, inatosha.

Kwanza, ku sanduku. Kama kuko rezistansi ya omi 250, mupime volti ku miguu yake miwili bila kufungua waya: volti 1 ni miliamperi 4, volti 3 ni 12, volti 5 ni 20.

Pili, ku kapteri. Muzime, mufungue waya moja, muweke multimetri katikati ya njia, juu ya kipimo cha miliamperi, kiisha muwashe. Mukondo wote unapita ndani yake. Kamwe musiweke multimetri juu ya miguu miwili ya batri wakati iko juu ya miliamperi: fizibli yake itaungua, na mara ingine mashini yenyewe.

Tatu, mulinganishe. Namba ya ku kapteri na namba ya ku sanduku inapaswa kuwa sawa. Ku kapteri 5 na ku sanduku 8: kuko mukato njiani, mutafute kiungo.

Ine, kamba. Mufunge kitu cha uzito ku kamba, muweke alama kila metri, mushushe katika siterni ao katika foraji kama kuko nafasi. Mara moja kwa juma inatosha. Kapteri yenye haikubaliane na kamba haina haki juu tu ilitoka Ulaya.

Kuweka kebo

Kebo ya kapteri isitembee pamoja na kebo ya pompi. Kebo ya pompi inapiga kelele ya umeme, na namba itakuwa inaruka-ruka. Muachanishe santimetri 30 ao zaidi, na kama ni lazima zipitane, zipitane kama musalaba.

Mufukie kebo ndani ya mupira muzito, chini kupita mwisho wa jembe. Inalinda panya, inalinda jua, na inalinda pia juu ya wezi: shaba inauzika kila mahali katika provensi yetu, munajua.

Radi za huku kwetu ni kali. Muombe fundi aweke kizuizi cha radi ku sanduku na ku kapteri, na waya ya udongo ya kweli. Kama kebo iko na ngozi ya chuma, ngozi ile ifungwe ku udongo upande moja tu, upande wa sanduku.

Na ndani ya kebo ya kapteri ya foraji, mara nyingi muko kamupira kadogo kenye kapteri inapumulia. Musikazibe, musikakunje, na mwisho wake ukae mahali pakavu ndani ya sanduku. Kakizibwa, kapteri itachanganya uzito wa hewa na uzito wa maji.

Mbele ya kununua

Kwanza mujiulize kama munaiomba kweli. Kama kazi ni kuzima tu pompi wakati siterni imejaa, boya yenye kufunga na kufungua umeme inatosha, na bei yake iko chini sana. Kapteri ya 4 mupaka 20 inafaa wakati munataka kujua ni kiasi gani, na kwa foraji ni yenyewe tunapendelea.

Mukiamua, musome karatasi yake: inapima metri ngapi? Inaomba volti ngapi? Inatoa 4 mupaka 20 ku waya mbili? Kapteri ya metri 100 katika siterni ya metri 2 haifai: mukondo wote utabakia kati ya 4 na 4,32, hamutaona kitu.

Kolwezi kuko watu wenye wanauza kapteri zenye zilitoka ku viwanda vya mingodi. Zingine ni nzuri. Lakini bila fakitire hamujue kama imeibwa, na siku polisi anakuja, ni jina la koperative njo linaandikwa. Tena kapteri yenye ilikaa katika asidi miaka mingi, musiitumbukize katika maji yenye watu wanakunywa.

Kiisha, muchague watu wawili, haiko moja, wa kusoma namba asubuyi na mangaribi na kuandika katika kaye: siku, saa, namba, na jina la mwenye kusoma. Ikiwa mama moja na kijana moja, muzuri zaidi, juu akina mama njo wenye wanachota maji na wanaona mbele ya wote wakati foraji inabadilika. Kaye ile muilete ku mukutano wa koperative mbele ya kugawanya milongo ya kiangazi. Mwenye iko na kaye ya mwezi moja tayari, anionyeshe wakati ninapita katika kijiji chenu. Tutahesabu pamoja foraji inaweza kunyesha milongo ngapi.